Karatasi Mbili, Mtoto Mmoja

Fomu ilitoka chekechea, na kazi yake ni kuchekecha:
maswali ishirini na nane, kila swali visanduku vitatu,
hapana, kiasi, ndiyo kabisa,
na kalamu imefungwa kamba mezani
kana kwamba sisi wazazi tungeiba wino.

Muuguzi Oyarzún alitutenganisha.
Yasna akaketi karibu na hita,
mimi dirishani, ambako upepo wa Punta Arenas
uliwasukuma watu barabarani,
nao wameshika kamba za nguzoni wasije wakapeperushwa.
"Msichunguliane," alisema, kama msimamizi wa mtihani.
Eliseo, miaka minne na nusu, alikuwa chini ya meza
akifungua na kufunga zipu ya koti langu.

Je, hupiga, huuma, hutupa vitu?
Hapana.
Je, hushtushwa na sauti ambazo wengine hawazijali?
Hapana.
Je, tumbo humsumbua bila ugonjwa kuonekana?
Hapana, hapana. Mkono ulikuwa mwepesi
kama siku ya mwisho ya kukata sufu,
kondoo wa mia mbili, mashine inajua njia yenyewe.
Je, huwa na huzuni bila sababu?
Hapo nikasita.
Bila sababu ya nani?

Wiki tatu niko nyikani, kwenye mabanda ya mifugo.
Wiki ya nne niko nyumbani,
na nikiwa nyumbani mtoto hanisumbui.
Hukaa pembeni akinitazama
kama mtu anayelinda mzigo wa mwenzake stendi.
Ukimya ule niliuita adabu.
Niliusifu hata mbele ya mama yangu.

Muuguzi akaziweka karatasi sambamba.
"Bwana Barría, mna watoto wangapi?"
"Mmoja."
"Hapa naona wawili."

Ya Yasna ilikuwa imejaa, hadi pambizoni,
pale ambapo hakuna aliyeuliza:
Baba akiondoka hugeuza viatu vyote vitazame mlango.
Hutafuna kola ya shati mpaka ilowe.
Bati likilia usiku, huuliza ni nani anataka kuingia.
Siku ya kwanza hutapika. Ya pili hupiga.
Ya tano huanza kucheza.

Ya tano.
Mimi ninayemjua kondoo mgonjwa kwa namna sikio linavyolala,
katikati ya mia sita, gizani.
Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
mimi nimekijazia fomu
na kutia sahihi chini.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza Yasna.
Akasema, "Lini?"

Muuguzi alijumlisha midomo ikicheza.
Kwangu sita. Kwake kumi na tisa.
Nikauliza, basi tuchukue ya katikati?
"Tukigawanya kwa mbili," alisema, "tutapata mtoto wa tatu,
na huyo hayupo."
Akasema pia kwamba hili ni chekeche, si hukumu,
kilichobaki juu ndicho cha kutazamwa tena, kwa macho, si kwa kalamu;
kwamba namba haimpi mtoto jina.
Nilimsikia nusu.
Nilikuwa nasikiliza zipu, juu, chini, juu,
kisha ikasimama.

Tulitoka. Yasna akashika kamba ya barabarani,
nami nikambeba Eliseo kifuani, koti limetufunga wote wawili.
Upepo ukatupiga kutoka mlangobahari.
Kabla hatujafika kwenye kona ya mwoka mikate
nilihisi meno, madogo, yakitafuta,
na kola yangu ikaanza kulowa.
Sikusema kitu. Sikuinua hata kidevu.

Alhamisi alfajiri lori la shambani litapita.
Dereva hupiga honi mara mbili tu.
Viatu, nilivitazama jana usiku,
tayari vimeanza kugeuka.